Kikapu cha Mbata, Kikapu cha Ufuta

Mjukuu wangu Salum, mume wangu wa Unguja,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kaole tu wazima, ila goti langu linaniudhi.

Umeuliza: vitu viwili vikichanganywa, utajuaje kila kimoja kimetoa nini? Swali hilo ni la marehemu bibi yako Mwanahawa, mke mwenzangu aliyemzaa baba yako, na hata kulijibu kunanichoma.

Kabla Wadachi hawajaja, babu yako alikuwa na kinu cha mafuta cha kuzungushwa na ngamia. Tulikamua mbata na ufuta pamoja. Wateja wakaanza kuleta michanganyo yao, naye akataka kujua kila kikapu kinatoa nini. Nikasema tukamue kimoja kimoja.

"Ya nini kumchosha ngamia?" akasema Mwanahawa. "Juzi kikapu cha mbata na cha ufuta vilitoa mafuta vibaba vitano, mashudu vitano. Jana tuliongeza kikapu kimoja cha mbata, yakatoka mafuta vibaba vinane, mashudu saba. Basi mbata peke yake ni mafuta vitatu, mashudu viwili. Ufuta umebakiwa na mafuta viwili, mashudu vitatu. Sasa uje mchanganyiko wowote, tutaujua kabla ya kuukamua."

Babu yako akacheka mpaka ngamia akasimama. Mimi hakuwahi kunichekea hivyo.

Nyumba yetu ilikuwa na vicheko na ugomvi, na miaka yote niliapa kwamba ugomvi ni wa Mwanahawa. Alipofariki, vicheko vikaondoka naye. Ugomvi ukabaki.

Ni mimi bibi yako,
Mwanakombo