Mama Mkwe wa Kakamega

Mirriam, uko? Fidel ana mke. Sikisii. Amesema mwenyewe, tena kwa Kijerumani nilichomfundisha mimi.

Unajua kila Ijumaa mchana madam akilala nampigia huko Jeddah nimfundishe, apate kazi Ujerumani, anioe, twende wote. Leo tulikuwa kwenye majina ya jamaa. Nimemweleza kwamba Oheim zamani alikuwa kaka wa mama tu, mjomba hasa, na kwamba Schwieger peke yake ilitosha kuwa mama mkwe. Mutter, yaani mama, waliiongeza baadaye, watu walipoanza kusahau maana.

Nikamwambia, "Haya, tunga sentensi na Schwiegermutter."

Akatunga papo hapo: mama mkwe wangu anaitwa Truphena, anaishi Kakamega.

Kakamega! Mama yangu tulimzika Machakos, na Fidel anajua.

"Truphena ni nani?"

"Ni mfano tu, Mary."

"Mfano unaishi Kakamega?"

Akakiri, "Ni mama yake Rita."

Rita, Mirriam! Yule aliyetupikia pilau mtaa wa Sharafiya nilipoenda Jeddah na familia ya bosi. Fidel aliniambia ni binti wa mjomba wake. Nilikula chakula chake nikimwita wifi. Wifi! Naye akaitika.

Sasa ananiandikia: "Usikasirike. Mahojiano ya viza ni wiki ijayo, nani atanisaidia?"

Na unajua kinachoniuma? Kabla sijaelewa, nilimsifu. Sentensi haikuwa na kosa hata moja.