Mpira wa usoni

Jumamosi, usiku

Mpira wa kwanza nilidhani bahati mbaya. Wa pili ulipokuja tena usoni, nikarudi nyuma kama kawaida yangu.

Anayejua hilo ni Tusajigwe tu. Binamu yangu huyu ndiye ninayefanya naye mazoezi kila jioni hapa Ipyana, kwenye sakafu ya kuanikia kakao, tukishaikusanya. Ndiye aliyenifundisha kucheza karibu na wavu: raketi mbele ya kifua, usiivute nyuma, ufuate mpira kabla haujadunda. Nikamwambia siri yangu, kwamba tangu mpira uliponipasua mdomo, ukija usoni naogopa. "Itaisha tu, dada," akasema.

Leo kwenye mashindano ya tenisi ya wawili wawili mjini tumepangwa pande tofauti. Mwenzake, Bi Zuhura wa duka la vitenge, akacheka waziwazi: "Ulisema kweli, Tusa! Anakimbia!"

Tusa akaangalia chini. Halafu akapiga tena palepale.

Mwisho akanipa mkono. "Ndaga fijo, dada." Asante ya nini?

Wavu wetu wa mazoezi ni ule wa zamani aliovulia baba ziwani. Wakati wa kurudi nimepita kuutoa; upande mmoja niliufunga mimi, wa pili yeye. Mafundo yangu nimeyafungua taratibu. Yake nimeyakata kwa kisu.