Kikohozi Kilichomo Kwenye Wimbo Wako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 12 Mei

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Na lile goti, limekubali ngazi au bado limekununia? Sisi tu wazima. Shemeji yako kaota kitambi, mashati nimempanulia tena, naye anasingizia sabuni kwamba ndiyo inayobana nguo.

Ujumbe wako kwa Chiriku, kuhusu mazoezi ya bendi aliyokurekodia, umefika. Mpwa wako aliusikiliza, akaja kwenye cherehani yangu macho yamemwiva. "Mama, Mjomba kanikataza kuimba wimbo wake. Anasema namdhihaki." Tangu hapo nyumba imepoa. Jumamosi yeye na bendi yake wanataka kuurekodi, na bila ruhusa yako hatathubutu, hata wenzake wamshikie bango.

Kwamba ameuharakisha, sikatai. Mpiga ngoma wao ana pupa kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Lakini nawe usijitie kusahau. Ulipoanza gitaa uliimba nyimbo za santuri za watu, hata za lugha usiyoijua, umefumba macho kwa uchungu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Humo humo ndimo ulimoipata sauti yako.

Sasa hicho kikohozi kilichokuudhi. Chiriku kaujua wimbo kwa ile kanda tuliyorekodi chumbani kwetu, na kabla ya ubeti wa mwisho kuna mtu anakohoa. Mtoto alidhani ndivyo wimbo ulivyo. Mpaka leo akifika pale anakohoa, na bendi nzima inamsubiri. Wala hakudhihaki, aliufuata wimbo wako kama alivyoukuta.

Wewe siku zote umemlaumu jirani yetu, yule seremala. Hakuwa yeye. Mimi ndiye niliyeshika kinasa sauti, nikiutazama mlango. Wewe uliupa mgongo. Alikuwa Baba. Kavua kofia, kaegemea ukuta, machozi yanamtoka, akakohoa kuyaficha. Baadaye alinivuta pembeni: "Usimwambie, atavimba kichwa." Nikatii, kama tulivyomtii kwa kila kitu, na alipotutoka sikujua pa kuanzia. Najua umeishi ukiamini hakuwahi kukusikiliza, na linaniuma. Alikusikiliza, Kaka. Alisimama pale mpaka mwisho.

Wimbo ni wako na uamuzi ni wako. Nakuomba tu umpigie mtoto kabla ya Jumamosi. Ukitaka apunguze mwendo, atapunguza. Pale pa kukohoa mwachie. Ndipo Baba alipokusifu.

Mkumbatie Wifi na wanangu. Mama Mdogo anakusalimu, na shemeji yako, na kitambi chake. Mungu akutunze, alainishe goti na moyo.

Ni mimi, nikupendaye tangu ulipokuwa ukinibeba mgongoni,
Mdogo wako wa cherehani