Nyumba ya Texas, Sahihi Yangu

Jumatatu, 13 Januari
Zamu ya asubuhi tena. Basi la kwenda hospitalini Flemingsberg lilichelewa, barabara yote barafu. Wagonjwa wengi wa kuogesha, wauguzi wachache. Mgongo unauma pale pale nilipoumia jeshini. Hata hivyo nashukuru. Kazi ninayo, nyumbani kuna joto.
Mutua alituma ujumbe nikiwa wodini. Anataka tuongee, jambo la nyumba. Kaka yangu si mtu wa kuandika "tafadhali". Leo ameiandika mara mbili.

Jumanne, 14 Januari
Tumeongea. Nyumba wanayopanga kule Texas, mwenyewe anaiuza. Wanatakiwa kutoka mwisho wa Aprili. Mutua, mkewe Ruth na watoto watatu. Wanataka kununua yao, lakini benki inadai malipo ya awali, na hawana.
Ndipo akanikumbuka mimi. Nilikuwa fundi wa malori katika jeshi la Marekani miaka minane, kabla sijaolewa na Baraka na kuhamia huku Stockholm. Wanajeshi wa zamani wana haki ya mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali, bila malipo ya awali. Sijawahi kuitumia. Nyumba lazima iwe Marekani, nami naishi kitongoji cha Norsborg. Niliulizia mara moja, nikaambiwa hivyo, nikaachana nayo.
Mutua akasema, "Imelala tu, Mwikali. Niamshie."
Mkopo kwa jina langu, malipo yake, nyumba yao. Nikasema ndiyo papo hapo. Nilipofika Marekani nikiwa msichana, Mutua ndiye aliyenipokea. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini mwaka mzima. Ningekataaje?

Jumamosi, 18 Januari
Furaha wiki nzima. Kumlipa mtu wema wake ni raha kubwa.
Leo nimemweleza Baraka, tukiwa madukani Skärholmen kumnunulia binti yetu Neema buti. Mume wangu ni mtu wa Tanga, hana haraka na neno. Aliuliza kitu kimoja tu. Je, watataka kujua kama nitaishi humo?
Nikasema sijui. Kweli sikujua. Nikamkasirikia kwa kuuliza. Neema akatuona tumenyamaza, akauliza kwa Kiswidi kama tumegombana. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hapana. "Okej," akasema. Hakuniamini.

Jumatano, 22 Januari
Baraka alikuwa sahihi. Nimesoma sheria. Mkopo ni wa mwanajeshi anayenunua nyumba aishi yeye mwenyewe. Anatia sahihi kwamba atahamia. Kuna nafasi kwa mume au mke. Kwa kaka hakuna.
Nilimwandikia Mutua. Akajibu kwamba watu wanafanya hivyo kila siku. Niseme tu kwamba narudi Marekani. Nani atakuja Norsborg kunitafuta?
Hakuna. Hilo ndilo linalonitisha. Nimekaa na wazo hilo chakula chote cha jioni, na halikunichukiza kama nilivyotarajia.

Ijumaa, 24 Januari
Mama alipiga simu kutoka Machakos. Mutua amemweleza. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba watoto wa Mutua ni watoto wangu pia.
Najua.
Nimelia bafuni, nimefungulia maji.

Jumanne, 28 Januari
Leo ndiyo siku ya afisa wa mikopo. Anaitwa Denise, na yeye aliwahi kuwa mwanajeshi. Mutua ndiye aliyempata. Kwao ni asubuhi, kwangu zamu imekwisha. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, simu sikioni. Mutua naye alikuwa kwenye laini, anasikiliza.
Denise aliuliza mambo ya kawaida. Miaka ya utumishi. Kikosi. Nilitokaje, kwa heshima au vipi. Nilikuwa najibu vizuri, kama mtu anayepita mtihani. Kisha akauliza, "Unatarajia kuhamia lini?"
Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye basi. Mdomo ukakataa.
"Sitahamia," nikasema. "Naishi Stockholm na familia yangu. Anayehitaji nyumba ni kaka yangu."
Mlio mfupi. Mutua alikuwa amekata simu.
Denise alibaki. Hakunikaripia. Alisema hawezi kuendelea na ombi hilo, na kwamba ananishukuru kwa kusema mapema. Akauliza kama nyumbani kwa kaka yangu kuna mtu mwingine yeyote aliyewahi kutumikia jeshi. Nikasema hakuna.
Nimefika nyumbani nikamwambia Baraka. Alinikumbatia, hakusema "nilikwambia". Namshukuru Mungu kwa mume huyu. Lakini nimempoteza kaka leo.

Alhamisi, 6 Februari
Mutua hajibu. Ujumbe ameusoma, jibu hakuna. Mama naye simu zake zimekuwa fupi.
Kazini bibi mmoja wa Kiswidi aliniuliza kwa nini sina raha. Nikasema ni giza la Februari. Akasema hata yeye hajawahi kulizoea, na ana miaka tisini. Amenichekesha. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 9 Februari
Ibada ya Kiswahili. Nilikwenda na Neema tu, Baraka alikuwa kazini, anaendesha basi. Baada ya ibada Mama Furaha, Mkongo wetu, alinishika mkono. "Bwana yako iko wapi leo?"
"Ana kazi ya wikendi," nikamjibu.
Nikasimama pale pale na kikombe cha chai mkononi.
Kazi ya wikendi. Ndivyo Mutua alivyozoea kusema kuhusu Ruth. Nilipoishi nao baada ya harusi yao, kila mwezi kulikuwa na wikendi moja ambayo Ruth hakuwepo. Alivaa magwanda alfajiri, akaondoka. Tulimwekea chakula. Tulimtania. Alikuwa askari wa akiba! Alijiunga ili alipiwe masomo ya uuguzi, akaendelea mpaka walipozaliwa mapacha. Denise aliniuliza waziwazi nikasema hakuna. Mimi, mwanajeshi mzima, nimemsahau mwanajeshi mwenzangu kwa sababu hatukuwahi kumwita hivyo.
Nilimpigia Ruth papo hapo, nikiwa nje ya kanisa, kwenye theluji. Si Mutua. Ruth mwenyewe. Nilimweleza yote. Nikasubiri na yeye anikatie.
"Lakini wifi," akasema, "mimi sikwenda vitani. Nilikuwa nahesabu blanketi ghalani."
"Miaka mingapi?"
"Sita na kitu."
Kwa askari wa akiba, sita inatosha. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo nikijitafutia upenyo, nikaruka mstari wake. Nikampa namba ya Denise.
Neema alikuwa ananivuta koti, anasikia baridi. Sikusikia baridi.

Alhamisi, 20 Februari
Ruth amezungumza na Denise. Inawezekana. Lakini kwanza jeshi la akiba lithibitishe miaka yake, na kumbukumbu za zamani zinachukua muda. Ile nyumba waliyoipenda imeshachukuliwa na watu wengine.
Mutua bado kimya. Ruth anasema anaona aibu. Nimemwambia Ruth kwamba mimi naona uchungu, basi tuko sare. Kisha nimejuta kusema hivyo. Kisha sikujuta.

Jumanne, 4 Machi
Hakuna habari. Aprili inakaribia. Nafanya hesabu ya yale ambayo ningeweza kuyazuia kwa neno moja la uongo. Watoto wangekuwa na vyumba vyao sasa hivi. Nimemwambia Baraka kwamba pengine nilikuwa mjinga. Akasema pengine, lakini mjinga anayelala usingizi.
Silali. Nimemwambia na hilo pia.

Jumatano, 12 Machi
Imekuja! Ruth amethibitishwa. Haki ni yake, kwa miaka yake mwenyewe. Alinipigia akiwa kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi. Alikuwa analia na kucheka. Anasema Denise alimshukuru kwa utumishi wake, na kwamba tangu avue yale magwanda hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.
Hata mimi sikuwahi. Nikamwambia leo. Nilimwambia kwa Kikamba, ili liingie vizuri.

Jumapili, 23 Machi
Mutua amepiga simu.
Sikujua niseme nini, nikamuuliza hali ya hewa. Joto, akasema. Huku theluji inayeyuka, nikasema. Tukaendelea na upuuzi huo kidogo. Wamepata nyumba nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza, mbali kidogo na shule. Muuzaji amekubali.
Halafu akasema, "Nilikukatia simu, Mwikali. Ulikuwa unasema kweli, nikakukatia."
Nikamwambia nilitaka kusema uongo. Kwamba nilikuwa nimejiandaa.
"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuandaa. Nisamehe."
Nimemsamehe. Si kwa sababu ya kitanda cha zamani wala kwa sababu ya Mama. Nimemsamehe kwa sababu nilikuwa na hamu naye. Nilimwambia hivyo pia. Alikuwa anapenga makamasi. Kaka yangu, mtu mzima na mvi zake.
Baraka alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni. Akaenda kuweka maji ya chai.

Ijumaa, 11 Aprili
Tarehe ya kutia sahihi imesogezwa, mkaguzi aliona tatizo kwenye paa. Muuzaji atalitengeneza. Ruth hana wasiwasi, anasema amewahi kungoja mambo mabaya zaidi jeshini, kwa mfano chakula. Mimi nina wasiwasi kwa niaba yake. Nimesafisha kabati zote za jikoni.

Alhamisi, 24 Aprili
Ruth ametia sahihi. Amechukua funguo.
Nimempigia Mama. Alipiga kigelegele kwenye simu mpaka Neema akakimbia kuja kuona kuna nini. Nikamweleza. Akauliza, kwa Kiswidi, kama shangazi Ruth ni mwanajeshi kweli. Nikasema ndiyo. "Coolt," akasema, yaani safi sana, akarudi chumbani kwake.

Jumapili, 27 Aprili
Jua mpaka jioni. Tulitembea kando ya ziwa baada ya ibada, sisi watatu. Baraka aliniuliza kama situmii vibaya haki yangu kwa kuiacha imelala huku Norsborg. Nilifikiri kabla ya kujibu. Sina haja ya nyumba kule. Nashukuru ninayo haki, na nashukuru sikuiuza.
Mutua alipiga video tuliporudi nyumbani. Alinionyesha nyumba. Vyumba vitupu, maboksi kila mahali, mapacha wanakimbizana uani. Alikuwa ananong'ona. Nikamuuliza kwa nini.
Akageuza simu polepole. Sebuleni kulikuwa na kochi jipya, bado limefungwa nailoni. Ruth alikuwa amejilaza juu yake, ametoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, viatu miguuni, mdomo wazi.
"Nyumba yake," Mutua akanong'ona. "Alale anavyotaka."
Tuliacha simu wazi kwa muda, mimi jikoni kwangu, yeye mlangoni kwake, tukimwangalia amelala.