Joho la Usheha na Ng'ombe wa Mama

Usi, huna haya. Joho umeshalipeleka kwa fundi, ndipo unaniuliza kama ulivae! Wasomaji, barua yake hii hapa.

"Bi Mwanapili, shikamoo. Nakuomba unisaidie maana hata kula siwezi, mimi ni mtu wa shamba, kusini huku, na tangu serikali itulazimishe kupeleka ng'ombe joshoni wakaogeshwe dawa na wengine wakafa wiki ile ile, mimi ndiye msemaji wa kijiji, nilimwambia Mudiri, mkubwa wa serikali wilayani, mbele ya watu kwamba hatupeleki tena, nikawekwa rumande siku tatu, niliporudi nikapigiwa vigelegele, sasa sheha wetu, mkuu wa kijiji, amefariki na Mudiri kaniita, kanipa kahawa, kanambia, 'Usi, kelele za nje za nini, shika usheha uyatengeneze ukiwa ndani,' nami naona ana hoja, hata joho la usheha nimeshalipeleka kwa fundi anipime mabega, niwahi kulivaa Sikukuu, lakini kazi ya kwanza anayonipa ni kumpelekea majina ya walioficha ng'ombe wao msituni, na wa mwanzo ni mama yangu mzazi, ambaye kasema nikikubali nisikanyage kwake, na Jumatatu Mudiri anataka jibu, je, mtu hawezi kuitengeneza serikali kutoka ndani? Ni mimi, Usi Ame."

Marahaba. Pole kwa rumande. Huruma yangu imeishia hapo.

Mimi skuli sikwenda, na chuo cha Kurani nilifika juzuu ya tatu nikaozwa. Lakini mume nilikuwa naye. Marehemu Borafya alikuwa mkali kuliko wewe, wakubwa wakamtia kwenye kamati yao ya mji, wakampa kiti chenye mto. Mwaka wa kwanza akirudi, "Leo nimewaambia!" Wa pili, "Leo wameyaandika niliyosema." Wa tatu nikamwuliza, "Na mfereji wa maji wa kichochoroni kwetu?" Akanijibu, "Mwanapili, mambo haya yana taratibu zake." Nikajua aliyetengenezwa ni yeye. Mfereji tuliupata siku wanawake wa mtaa tulipokwenda na ndoo tupu tukakaa mlangoni kwa kamati, na Borafya kule ndani akasimama akasema, "Hawa wana haki." Maneno yale yale ya miaka mitatu, bwana wee, siku ile yakasikika!

Kwa hiyo sisemi usiingie. Nasema usiingie peke yako, tena si kwa kumchongea mamako. Mtu anayetaka utengeneze mambo hakuanzishii kazi hiyo. Huyo anakupima kama utapindika.

Na kosa lako kubwa ni hili: huko kwenu sheha hasimami mpaka wazee wanne wa mji wamridhie. Wewe umekunywa kahawa, umepimwa mabega, wazee, kwa barua yako, hawajasikia neno! Ulitaka wakuone Sikukuu umeng'ara?

Kesho Ijumaa, ukitoka msikitini, kamwombe radhi mama yako, kisha nenda naye kwa wale wazee. Waeleze yote, hata hilo la majina. Wakikuridhia, nendeni pamoja kwa Mudiri, useme mbele yao: usheha nashika, majina sitoi, na josho lisimame mpaka bwana mifugo aje kutueleza ng'ombe wamekufa kwa nini. Akikataa, mwachie usheha wake mwondoke nyote.

Na wazee wakimtaka mwingine, usinune. Mpe joho avae yeye, wewe rudi nje kwa wenzako mkapige kelele kwa nguvu zenu zote, maana huyo wa ndani atazihitaji.