Wifi, Tulikwenda Kliniki Mara Tatu

Mpendwa wifi yangu Furaha,

Watu huwaandikia marehemu wao kwa upole. Mimi nakuandikia kwa hasira, nisamehe. Na barua hii naiacha wazi, waisome wote waliokuja msibani wakaambiwa kwamba ulikufa kwa presha. Uongo ule aliutunga kaka yangu, mumeo, nami nikauitikia. Nilisimama mlangoni nikipokea pole za watu, na kila aliyeuliza nilimjibu, "Presha, jamani. Ilimpanda ghafla."

Presha gani? Hukuwahi kuwa na presha maishani mwako.

Naikumbuka siku kaka alipokuleta kwenye flati yetu pale Berea, huku ugenini. Wewe wa Uvira, sisi wa Kigoma, ziwa ni moja, lakini Kiswahili chako kilinichekesha. Uliingia jikoni hata viatu hujavua, ukafunua sufuria yangu, ukaonja, ukasema, "Wifi, mboga iko bila chumvi." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu ulinikalisha sakafuni, ukanibana kichwa kwa magoti na kunisuka tangu adhuhuri hadi jioni, huku ukiniigizia wateja wako wa saluni mmoja mmoja, kila mtu na sauti yake. Nilicheka mpaka ukanipiga kwa kitana nitulie. Tangu siku ile, waliotuona barabarani walidhani wewe ndiye ndugu yangu na kaka ndiye shemeji.

Kisha akazaliwa Baraka, mtoto wako wa tatu. Nilikuwepo. Ulitoka damu mpaka manesi wakaanza kukimbia. Daktari alikwambia mbele yangu kwamba mimba nyingine inaweza kukuondoa. Baraka hakuwa ametimiza miaka miwili uliponiita jikoni na kufunga mlango.

"Wifi, niko na mimba. Nataka kuitoa."

Nilichokujibu nakiandika hapa ili nisijifiche. Nilisema, "Hicho ni kiumbe cha Mungu, Furaha. Kina roho. Utamjibu nini siku ya siku?"

Hukulia. Ulikuwa unamenya viazi, ukaendelea kumenya. "Nitamwambia niko na batoto batatu. Nikikufa nani atabalea? Weye?"

Mpaka leo naamini kutoa mimba ni jambo zito, na anayeniambia ni jambo jepesi simwelewi. Lakini uzito ule ulikuwa mwilini mwako. Ulikuwa umeshaubeba wiki nzima peke yako kabla hujanifungulia kinywa.

Ulimwambia na kaka. Alikusikiliza akiwa anakula, akanawa mikono, akasema, "Mungu aliyekuokoa mara ya kwanza hajafa." Akaenda zake dukani kutengeneza simu za watu. Damu ya siku ile yeye hakuiona. Alikuwa amesubiri nje.

Basi tukaenda kliniki wawili, wewe na mimi. Sheria ya nchi hii inasema hivi: mwanamke akitaka mwenyewe kutoa mimba, mpaka wiki ya kumi na mbili, ahudumiwe. Wewe ulikuwa wiki ya nane. Karani wa mapokezi aliitazama karatasi yako ya ukimbizi, akairudisha kwa ncha za vidole. Imeisha muda, alisema, njoo na mpya. Ulimweleza kwamba umeshaomba mpya na unangoja. "Basi ngoja," akasema, akaita mwingine.

Wiki iliyofuata tulimpata karani mwingine, akatupitisha. Nesi alipokuuliza shida yako ulimwambia kwa sauti ya chini. Yeye alijibu kwa sauti ya kujaza ukumbi: "Mimi ni mtu wa kanisa. Siui watoto." Benchi zima likageuka. Ana haki ya kukataa kwa mikono yake, sawa, hilo nalikubali. Lakini alipaswa kukuambia haki yako na nani mwingine atakuhudumia. Alitunyooshea mlango kwa kidole. Ulinitazama, wifi. Ulikuwa unangoja niseme neno, kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kizuri. Niliokota mkoba wangu nikatangulia kutoka.

Mara ya tatu tuliambiwa yupo nesi mmoja tu anayeifanya kazi hiyo, naye yuko likizo mpaka mwisho wa mwezi. Tuliporudi kwenye teksi ulihesabu kwa vidole. Mwisho wa mwezi ungekuwa umeipita wiki ya kumi na mbili. "Eish, wifi," ulisema, "banatuchezea." Hakuna aliyetuambia kwamba hata ukipita hapo daktari bado angeweza kukusikiliza, mtu mwenye historia kama yako. Hilo nililisikia kwa wakili anayesaidia wakimbizi, nikiwa nimevaa nguo nyeusi.

Yale matangazo unayakumbuka, yaliyobandikwa kila nguzo ya robot, taa za barabarani, mjini kote, yanaahidi kusafisha tumbo haraka, bila maumivu, na namba ya simu chini. Tulikuwa tukipita tunayatukana. Ile namba uliipiga lini, Furaha? Kwa nini hukuniambia? Najua kwa nini. Uliona nilivyookota mkoba.

Siku ya Jumatano, saa saba mchana, nikiwa kazini nashona mapazia, simu ililia. Ulisema maneno mawili tu: "Wifi, kuya." Mama mmoja akaichukua simu akanielekeza nije wapi. Nilikukuta Isipingo, karibu na stendi ya teksi, umekaa chini damu ikikutoka, nyuma ya mama huyo anayeuza nyanya. Alikuwa amekuzungushia khanga zake asikuone mtu. Mama yule simjui jina. Yeye peke yake siku ile alikutendea utu bila kukuuliza karatasi wala dini.

Hospitalini daktari, dada mdogo kuliko mimi, alitoka akiwa na machozi ya hasira. "Kwa nini hamkuja kwetu mapema?" aliniuliza.

"Tulikuja," nikamwambia. "Tulikuja mara tatu."

Ijumaa asubuhi ukatuacha.

Sasa nikwambie ya Jumapili iliyopita. Baada ya ibada akina mama tulibakishwa, ikapitishwa karatasi ya kutia saini. Inaiomba serikali iifute sheria hii. Mke wa mchungaji alisimama akasema sheria hii imeleta mauti katika nyumba zetu. Karatasi ilinifikia, na kalamu juu yake. Nikasimama.

"Sheria haikumuua Furaha," nilisema. "Ingefuatwa, angekuwa amekaa pale." Nikaeleza yote. Wiki ya nane, karani, nesi, nguzo ya robot, Isipingo.

Mama Rehema, yule mzee wa kwaya uliyekuwa ukimsuka kila Krismasi, aliuliza taratibu, "Na yule wa tumboni, mwanangu, nani amsemee?"

Sikumdharau, kwa kuwa ni swali nililokuuliza mimi mwenyewe. Nikamjibu, "Mama, msemee. Mwombee. Lakini mwaka huu mmezika wawili, na mimi nawaambia mmoja tungeweza kumwokoa." Aliichukua karatasi mikononi mwangu, akaipitisha bila kuandika kitu. Wengine walitia saini. Wawili walihama benchi langu.

Kaka alipata habari kabla sijafika nyumbani. "Umenivua nguo mbele za watu!" alifoka.

"Mkeo alivuliwa kwanza," nikamwambia, "na wewe ukaenda kazini." Hatujaongea tangu hapo, na sina haraka.

Ila aliyenivunja ni Neema. Binti yako mkubwa ametimiza miaka kumi na sita, na kumbe alikuwa mlangoni pa kanisa akisikiliza. Jioni alikuja chumbani kwangu akabaki amesimama.

"Shangazi, ulikuwepo nesi alipomfokea mama?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, mwanangu."

Nilidhani atalia, nikafungua mikono nimpokee. Alirudi nyuma hatua moja. Uso ulikuwa wako, wifi, uso ule wa kumenya viazi. "Kwa hiyo unasema sasa," aliniambia, "kwa sababu amekufa."

Akatoka. Nilibaki na mikono yangu imefunguka. Sikumfuata kumwambia anakosea, maana hakosei.

Lala, Furaha. Wanao wanakula na wanakwenda shule. Msamaha sijakuomba bado. Nitaanza kuuomba kwa Neema.

Ni mimi wifi yako, niliyetangulia kutoka.