Mzee Amesimama Kwenye Taa Nyekundu

Jumanne, 5 Agosti

Tumefika wazima! Masaa matano barabarani, na kwenye usukani nani? Mimi. Fundi cherehani wa miaka hamsini na sita, leseni ina miezi mitatu. Mwandiko wenyewe huu uliopinda ni ushahidi.

Mzee alikaa kiti cha nyuma, macho kafumba toka tulipotoka getini. Hakulala. Mume wangu akilala anakoroma, mtaa mzima unajua. Kwenye ule mlima nilikwaruza gia mpaka nikaona aibu mwenyewe, nikamsikia anavuta pumzi tu. Basi. Dereva wa basi miaka thelathini na moja anakwaruziwa gia na mkewe, hasemi kitu! Zamani angenishusha nikatembee kwa miguu. Bora hata angenigombeza.

Tangu basi lake liingie mtaroni mwezi wa kumi na mbili hajagusa usukani. Lori ndilo lililomgonga kwa nyuma. Polisi walisema wazi kosa si lake. Abiria walitoka salama wote, isipokuwa mama mmoja aliyevunjika mguu, na huyo sasa anatembea, tena alituma salamu. Lakini Mzee haambiliki. Hata kiti cha mbele hakai. Ndiyo maana nikaenda shule ya udereva — kwa hasira, si kwa kupenda.

Jumatano, 6 Agosti

Nyumba aliyotupangia binti yetu kwa likizo ni nzuri, ila vitanda laini mno. Mgongo unalia.

Mzee kutwa nzima barazani. Anatazama magari yakipita, kisha anatazama vidole vyake. Binti yetu kaniita jikoni, ananong'ona: mama, baba atakuwa hivi mpaka lini? Nikamwambia akatekate vitunguu. Na mimi naogopa. Naogopa mume wangu ndiyo ameisha hivyo, na nimebaki na mgeni anayevaa mashati yake.

Kidoti, mjukuu wetu, miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini, anataka kesho twende kwenye ule ukumbi wa gemu na chakula. Babu akasema nendeni, mimi nitalinda nyumba. Kidoti: nyumba ina kufuli, babu, wewe una kazi gani? Nikajificha kwenye kanga nisionekane nikicheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze na meza.

Meza zenyewe ni kioo! Unagusa picha ya chakula, kinaletwa. Ukichoka kungoja, unacheza gemu hapo hapo, sahani zikija unasogeza mikono. Nilidondosha sosi, nikaipangusa vizuri kama mtu aliyelelewa — kumbe nimeagiza juisi tisa. Binti yetu alicheka mpaka akakohoa. Mzee hata hakutabasamu. Alikula chipsi moja moja, kama anahesabu.

Nyuma yetu kulikuwa na mashine za kuendesha gari. Kiti, usukani, gia, pedeli, na kioo kikubwa mbele kinachoonyesha barabara. Mbili, ubavu kwa ubavu. Kidoti akapanda moja, akaita kwa sauti: babu njoo, bila mtu wa pili haianzi!

Binti yetu akainuka kumzuia. Nikamfinya paja chini ya meza. Tulia wewe.

Mzee akainuka na kipande cha chipsi mkononi. Halafu akakiweka chini, akafuta vidole, akaenda. Jamani! Akakaa. Kitu cha kwanza, akasogeza kiti nyuma. Cha pili, akamuuliza dada wa mashine mkanda uko wapi. Dada akamwambia mzee huu ni mchezo, hauna mkanda. Naye: gari bila mkanda haliondoki. Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Dada wa watu akavua mkanda wa mkoba wake, akamvisha begani. Mungu ambariki.

Wakaanza. Kidoti huyoo, kapotea. Mzee akaondoka na gia ya kwanza, taratibu, kama ana abiria wazee. Taa nyekundu — akasimama! Foleni nzima: mzee, kanyaga! Yeye: nyekundu. Mtu wa kuchorwa akavuka, akamngojea amalize. Mimi nacheka huku roho iko mkononi.

Ndipo nikaliona lori. Juu ya ile picha ya barabara kuna kioo kidogo cha kutazama nyuma, na humo linamjia, linakua. Nikainuka kitini. Naye aliliona, maana mabega yalipanda. Kiti kikatikisika. Akashika usukani kwa mikono miwili, akasogea kushoto, akapunguza mwendo. Pita, anaiambia ile mashine, pita, haraka ya nini? Likapita.

Likapita tu! Nilikaa chini nikalia kwenye tishu ya chipsi, yenye mafuta.

Akawa wa mwisho. Akasema: tena. Mara sita, mara zote wa mwisho. Ya nne akamgeukia Kidoti na ile sauti yake, ile! Umempita mtu kwenye kona? Nani kakupa leseni? Ukumbi mzima ukageuka.

Tukirudi alikaa nyuma vile vile. Ila macho wazi. Kwenye mzunguko nikasikia: "Fundi! Klachi hiyo, mama, unaipiga kama cherehani!" Nimegombezwa njia nzima mpaka getini. Sijapata kufurahi hivi tangu mwaka uanze.

Ijumaa, 8 Agosti

Kakoroma. Sikulala. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Likizo imekwisha, tunarudi nyumbani, na naandika nikiwa garini. Kiti cha abiria!

Asubuhi alizunguka gari mara tatu, akapiga matairi teke, akafungua boneti, akaguna kwa jinsi nilivyolitunza. Kisha akaninyooshea mkono. Nikampa funguo, nikaingia upande huu haraka asije akabadili mawazo.

Kiti kakisogeza. Vioo kavirekebisha vyote vitatu. Injini inaunguruma, sasa yapata dakika kumi. Binti yetu na Kidoti, wao wanabaki, wako getini, mikono imewachoka kutupungia. Jasho linamtoka. Naandika ili nisimtazame. Nikimtazama tutashuka wote wawili.

Anaangalia kioo cha juu. Nyuma hakuna kitu, ni ukuta tu na kamba ya nguo. Bado anaangalia.

Mkono umeenda kwenye gia. Klachi iko chini, kaikanyaga polepole, inavyotakiwa. Sasa kanigeukia mimi, uso kaukunja. Fundi, anasema, mkanda. Gari haliondoki hivyo.

Loo! Ngoja nifunge.